Jinsi ya kupima wanga wa mchele na kutambua jeni zinazouongoza, kuanzia gunia hadi kitalu

Katika soko la Mbuyuni hapa Moshi, mchele huchaguliwa kwa macho na kwa pua. Mnunuzi huchota konzi moja, akapuliza vumbi, akatazama urefu wa punje na wingi wa chenga, kisha akaisogeza puani kutafuta ile harufu ya Supa, aina ya mchele unaonukia. Hayo yote yana maana yake, lakini hayamwambii kama wali utachambuka au utashikana, kama utakunywa maji kuliko alivyozoea, wala kama utakuwa mgumu ukishapoa. Majibu ya maswali hayo yamo ndani ya wanga, na wanga hutengenezwa kwa maelekezo ya jeni chache ambazo mtu anaweza kuzitambua kwa kazi zake hata asipokuwa na maabara. Mwongozo huu unaeleza namna ya kufanya hivyo kwa vipande viwili vya kioo, sufuria, chupa ndogo ya ayodini na subira ya siku mbili.

Niseme mapema kuhusu harufu, kwa sababu ndiyo inayopandisha bei na ndiyo inayopotosha wengi. Harufu ya mchele haitokani na wanga. Inahusiana na jeni nyingine iitwayo BADH2, iliyo kwenye kromosomu ya 8, na hujitokeza pale jeni hiyo inapokuwa imeharibika isifanye kazi yake ya kawaida. Kwa hiyo mchele unaweza kunukia jikoni hadi kwa jirani na bado wali wake ukawa mgumu kama changarawe saa ya chakula cha usiku, na mwingine usionukia kabisa ukabaki laini hadi asubuhi.

Jeni mbili za kuzijua kwa majina

Mchele uliokobolewa ni wanga kwa takriban asilimia 90 ya uzito wake mkavu, na wanga huo una sehemu mbili. Ya kwanza ni amilosi, mnyororo mrefu usio na matawi ila machache sana. Ya pili ni amilopektini, yenye matawi mengi yaliyosongamana kama kichaka cha mchongoma. Uwiano wa sehemu hizi mbili, pamoja na urefu wa matawi ya ile ya pili, ndivyo vinavyoamua karibu kila kitu ambacho mlaji huita ubora.

Amilosi ya punje hutegemea jeni moja kubwa, Waxy, iliyo kwenye kromosomu ya 6. Jeni hii hutoa maelekezo ya kimeng'enya kinachojenga amilosi, na ina sura kadhaa. Katika mpunga mwingi wa jamii ya indika, jeni hufanya kazi kwa nguvu zake zote na amilosi huweza kuvuka asilimia 25. Katika mpunga wa jamii ya japonika, herufi moja tu ya msimbo wake imebadilika, G ikawa T, na imebadilika mahali pabaya, yaani pale seli inapotakiwa kukata na kuunga ujumbe wa jeni. Ujumbe mwingi huharibika njiani, kimeng'enya hupungua, na amilosi hushuka chini ya asilimia 20. Katika mchele wa kunata wa Asia ya Mashariki, kipande cha herufi 23 kimejirudia ndani ya jeni, kimeng'enya hakitengenezwi kabisa, na amilosi karibu haipo. Kati ya hizo ipo michele ya wastani, yenye asilimia 20 hadi 25, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayofaa zaidi sufuria zetu za wali wa nazi na pilau, kwa sababu huchambuka bila kuwa mkavu.

Jeni ya pili huitwa ALK, nayo imo kwenye kromosomu hiyohiyo ya 6. Kazi yake ni kurefusha matawi ya amilopektini. Inapokuwa na nguvu, matawi marefu hupangana kwa kubanana na chembe ya wanga huhitaji joto kubwa, zaidi ya digrii 74, ndipo ilegee na kunywa maji. Inapokuwa dhaifu, matawi hubaki mafupi na chembe hulegea chini ya digrii 70. Joto hilo la kulegea ndilo linaloamua muda wa mchele kukaa motoni.

Zipo nyingine nyingi, zikiwemo zile zinazoweka matawi, zinazopogoa matawi yaliyokaa vibaya, na zinazoandaa sukari kabla haijawa wanga. Mara nyingi hizo huonekana zinapoharibika tu, punje ikawa ya unga, iliyosinyaa au yenye utamu wa ajabu. Kwa mnunuzi na mkulima wa huku, Waxy na ALK zinatosha kuanzia.

Umuhimu wake unaonekana katika historia ya majaruba yetu wenyewe. Mwaka 1966 aina ya IR8 ilitolewa Ufilipino ikasifiwa kwa mavuno, lakini walaji waliilalamikia kwa sababu ilikuwa na amilosi nyingi, punje zake zilikuwa na weupe wa chaki, na wali wake ulikakamaa ukipoa. Ilipofika IR64 mwaka 1985, watafiti walikuwa wameshusha amilosi hadi kiwango cha wastani. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, ulianza na IR54 kwa wingi, na baadaye IR64 ikashika nafasi. Wanaosema kwamba “mchele wa mradi” hauna ladha huwa wanazungumzia harufu. Kuhusu ulaini wa wali, aina hizo mbili hazipaswi kuwekwa kwenye kapu moja.

Kuchukua sampuli

Usipime mchele wa juu ya gunia. Tumia bambo, yaani kile kibomba chenye ncha cha kuchotea nafaka, uchome gunia sehemu ya juu, katikati na chini, kisha changanya ulichopata hadi kifikie nusu kilo. Andika kwenye mfuko jina la aina kama muuzaji analijua, mahali ulikotoka na mwezi uliovunwa. Mwezi wa kuvuna haupaswi kuachwa, kwa sababu mchele mpya hushikana kuliko uliokaa ghalani miezi kadhaa, hata kama jeni zao ni zilezile. Ukilinganisha Supa ya mwezi jana na SARO 5 ya mwaka jana, utakuwa umepima ghala, wala si wanga. Ondoa chenga, chuya mawe na pumba, na ubaki na punje nzima.

Kutazama chaki

Hesabu punje nzima 100, uzitandaze juu ya kioo, na umulike kwa tochi ya simu kutoka chini. Punje iliyojaa vizuri hupitisha mwanga kama mshumaa mwembamba. Penye chaki, mwanga hukwama na huonekana doa zito jeupe, ama katikati, ama upande wa tumbo la punje, ama punje nzima. Doa hilo ni chembe za wanga zilizojipanga kwa kulegea zikaacha hewa katikati yake. Tenga punje ambazo doa limechukua nusu au zaidi, uzihesabu. Usichanganye doa na ufa: ufa ni mstari mwembamba unaokatiza punje, na kwa kawaida hutokana na kuanika vibaya au kuchelewa kuvuna.

Kwa mkulima, hesabu hii inaeleza habari za shamba zaidi ya habari za mbegu. Siku kama 30 baada ya kuchanua ndizo punje hujazwa, na joto likizidi katika siku hizo, hasa wastani wa mchana na usiku ukivuka digrii 26 au 27, jeni za kutengeneza wanga hupunguza kazi huku vimeng'enya vinavyovunja wanga vikichangamka. Matokeo yake ni chaki, na punje ya chaki huvunjika kirahisi mashineni ikaongeza chenga. Mpunga wa Mabogini au Kahe unaojaza punje mwezi wa Februari haupati hali sawa na ule unaojaza Julai, hata mbegu ikiwa imetoka mfuko mmoja. Kabla ya kulaumu mbegu, hesabu kurudi nyuma kutoka siku ya kuchanua, na kama ratiba ya maji ya mfereji inaruhusu, sogeza tarehe ya kupandikiza ili ujazaji wa punje ukwepe wiki za joto kali. Najua kwamba ratiba hiyo mara nyingi hairuhusu, na kwamba anayekaa mwisho wa mfereji hupanda siku maji yanapomfikia. Kama ni hivyo, walau pima chaki kwa misimu miwili kabla ya kuacha aina ya mbegu uliyoizoea.

Kipimo cha vioo viwili

Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote vya nyumbani. Chemsha maji mengi kwenye sufuria ndogo hadi yatokote kwelikweli, kisha mimina kiganja kimoja cha mchele na uanze kuhesabu muda. Baada ya dakika 10, na kila dakika inayofuata, chota punje 10, uziweke juu ya kipande cha kioo, uzifunike kwa kioo kingine na ubonyeze. Punje ambayo haijaiva hubaki na kiini cheupe katikati, mfano wa mbegu ndogo ndani ya tunda, na iliyoiva hutandazika yote ikawa wazi. Dakika ambayo punje 9 kati ya 10 hazina kiini ndiyo dakika ya kuiva. Mchele wenye ALK dhaifu kwa kawaida huiva kati ya dakika 12 na 17, na wenye ALK yenye nguvu huweza kuvuka 20. Unene wa punje na wingi wa protini navyo huchangia, hivyo linganisha michele ya umbo linalokaribiana.

Kumbuka pia mahali ulipo. Maji hutokota kwenye digrii pungufu kila tunapopanda mlima: hapa Moshi mjini ni kama digrii 97, na Arusha, kwenye mita kama 1,400, ni kama 95. Mchele uliopimwa dakika 18 Dar es Salaam utakawia kidogo ukifika Arusha, na anayeishi Marangu asishangae. Kwa sababu hiyo nakushauri uwe na mchele mmoja unaoufahamu vizuri, uupime siku hiyohiyo kwenye jiko hilohilo, na uzungumzie tofauti kati ya miwili badala ya dakika tupu.

Kipimo hiki nilijifunza kukithamini kwa hasara. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua gunia la kilo 100 kwa ajili ya sendofu ya binti wa dada yangu, kutoka kwa mfanyabiashara ambaye sitamtaja. Mchele ulikuwa mweupe, mrefu, unanukia vya kutosha. Wapishi walipofunua sufuria la kwanza, nusu ya punje zilikuwa zimerojeka na nusu zikigonga meno, wakaongeza maji, na zile laini zikawa uji. Shangazi mmoja aliuliza kwa sauti kama tumepika wali au tumepika kande. Mpishi mkuu ndiye aliyebeba lawama, naye hakuwa na kosa. Siku iliyofuata nilibonyeza masalia ya gunia kwenye vioo: dakika ya 15, punje 5 kati ya 10 zilikuwa wazi kabisa na 5 zilikuwa na kiini kikubwa. Lilikuwa gunia la aina mbili zilizochanganywa, zenye joto tofauti la kulegea, na hakuna kipimo cha maji kinachoweza kuzipatanisha. Tangu hapo, nikiona punje zinagawanyika makundi mawili dakika moja, gunia hilo silinunui hata likishushwa bei.

Kuacha wali ulale

Pika vikombe viwili vidogo vya mchele, kimoja cha unaoupima na kimoja cha ule unaoufahamu, bila mafuta wala chumvi, kila kimoja kwenye sufuria yake, kwa maji ya kuutosha kulingana na dakika ulizopata. Onja ukiwa moto, kisha funika na uache hadi asubuhi mahali pa ubaridi. Minyororo ya amilosi, ikishatoka kwenye chembe na kupoa, hurudi kushikana yenyewe kwa yenyewe na kusukuma maji nje, na hapo ndipo Waxy hujieleza. Wali wenye amilosi nyingi hutengana punje kwa punje na hukakamaa. Ukibonyeza kati ya vidole, punje hukatika kama chaki ya ubaoni iliyolowana. Wa wastani husita kidogo kisha hulegea. Wenye amilosi chache hubaki laini na hung'ang'ania kidole. Mama lishe anayepika saa 12 asubuhi na kuuza hadi saa 9 alasiri ana sababu ya kujali kipimo hiki kuliko mtu mwingine yeyote mjini.

Ayodini

Nunua ayodini ya kusafishia vidonda kwenye duka la dawa, uizimue kwa maji hadi ifanane na chai ya rangi nyepesi. Kata punje kwa wembe, udondoshee tone moja kwenye uso uliokatwa na usubiri dakika moja. Amilosi hujizungusha ikaifunga ayodini ndani yake, na hutoa rangi ya bluu inayokaribia weusi. Punje isiyo na amilosi hubaki na rangi ya kahawia yenye wekundu. Kipimo hiki hutenganisha mchele wa kunata na mchele wa kawaida, basi. Hakiwezi kutofautisha asilimia 22 na 27 kwa jicho, maana yote miwili itakuwa bluu. Maabara hupima kina cha bluu hiyo kwa mashine, baada ya kuyeyusha unga wa mchele. Anayekuambia kwamba amejua asilimia ya amilosi kwa tone la ayodini anakisia.

Kipimo cha alkali, kwa mwenye maabara

Ukiwa na rafiki mwalimu wa kemia, omba asaidie kupima ALK kwa njia inayotumiwa na watafiti wa mpunga tangu mwaka 1958. Punje 6 nzima zilizokobolewa hulazwa kwenye kisahani chenye mililita 10 za hidroksidi ya potasiamu ya asilimia 1.7, zikiwa zimeachana, na huachwa saa 23 kwenye digrii 30 bila kutikiswa. Punje yenye joto la chini la kulegea huyeyuka ikawa wingu. Ya wastani huvimba, hupasuka na kuzungukwa na ukosi mweupe. Ya joto la juu hubaki ilivyo, kana kwamba imelala kwenye maji matupu. Kemikali hiyo huunguza ngozi na macho, hivyo glavu na miwani ni lazima na watoto wakae mbali. Watu wameniuliza kama magadi ya kupikia yanaweza kutumika badala yake. Hayawezi, kwa kuwa ukali wake ni mdogo mno.

Kuyasoma majibu kwa pamoja

Kila kipimo kikisimama peke yake hudanganya. Mchele unaochelewa kuiva na kukakamaa usiku una ALK yenye nguvu na amilosi nyingi. Utahitaji maji zaidi, na utafaa palipo na mchuzi mwingi. Unaowahi kuiva lakini ukakakamaa asubuhi una amilosi nyingi na ALK dhaifu, na aina kadhaa za zamani za indika ziko hivyo; huo huvutia wapishi ukiwa moto na kuwaaibisha ukipoa. Ukipata unaoiva kwa muda wa kati na kubaki laini hadi asubuhi, una tabia iliyofanya IR64 ipendwe, na ukinukia pia, uliza mbegu yake ilikotoka.

Kuhamishia kipimo kwenye mbegu

Mpunga hujichavusha wenyewe, na mara nyingi chavua ya nje haifikii hata asilimia moja. Kwa hiyo jaruba lenye wali wa tabia mbili kwa kawaida lina mbegu zilizochanganyika mashineni, kwenye turubai au kwenye kitalu, na dawa yake ni kuchagua masuke. Wakati wa kuvuna, chagua masuke 50 kutoka mimea inayofanana kwa kimo na siku ya kuchanua, ukifunga kila suke peke yake na kulipa namba.

Toa punje 6 kwenye kila suke na uzimenye kwa mkono, maana mashine ya kukoboa huondoa kiini kinachoota. Kata kila punje katikati kwa wembe. Nusu isiyo na kiini peleka kwenye ayodini au alkali, ukilinganisha na nusu ya punje ya aina unayoijua. Nusu yenye kiini iweke kwenye pamba yenye unyevu ndani ya kifuniko cha chupa, chenye namba ileile ya suke. Ikiwa kisu hakikugusa kiini, itachipua baada ya siku chache, na unaweza kuihamishia kwenye kikopo cha udongo na baadaye kitaluni. Tunza zaidi ya unavyotunza mche wa kawaida, kwa sababu chakula chake kimepungua nusu.

Suke ambalo punje zake 6 zote zimejibu sawa liingie kwenye mfuko wa mbegu. Suke ambalo punje zimegawanyika, baadhi bluu na baadhi kahawia kwa mfano, limetoka kwenye mmea uliochanganya damu, na ukikata punje zake nyingi zaidi utaona bluu tatu kwa kila kahawia moja. Hilo usilipande, hata likiwa refu na zito kuliko mengine yote. Lipeleke jikoni.